Filta ya petroli kwenye Beetle ya zamani: ipi, na ikae wapi

"Shikamoo fundi. Niko hapa Tanga, Chumbageni. Nimerithi Volkswagen Beetle ya marehemu baba, ya 1972, injini 1300, ilikaa uani chini ya mwembe kama miaka 6 bila kuwashwa. Fundi aliifufua, akasafisha kabureta, akafunga pampu mpya ya mafuta na filta ya plastiki juu ya injini, kati ya pampu na kabureta. Mjini inatembea vizuri tu. Nikitoka kwenda Muheza, nikishapita Pongwe inaanza kupiga kwikwi, inaishiwa nguvu, inazima. Nikikaa dakika 15 au 20 inawaka kama haikuwa na shida. Filta haijai hata siku moja, inaonekana nusu. Nimeshabadilisha filta 3. Fundi wa pili anasema nifunge mbili, moja mbele moja nyuma. Wa tatu anasema nitoe hiyo pampu nifunge ya umeme na filta kubwa ya chuma ya Hiace. Nifunge filta gani, na niiweke wapi?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Umenikumbusha mbali. Gari ya aina hii hii ndo ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, kwenye vumbi na matope ambayo hizi gari za leo zenye kompyuta zingeomba samahani, kwa hiyo usikubali mtu akwambie kwamba Beetle haiwezi kufika Muheza. Muheza ni hapo tu.

Ila nikisoma barua yako naona umeleta maswali mawili kwenye fungu moja. La kwanza ni filta ipi na ikae wapi. La pili ni kwa nini gari inazima njiani. Mafundi wote wamelijibu la kwanza wakidhani wamejibu la pili, na ndo maana umenunua filta 3 na gari bado inazima palepale. Filta ikiwa mpya na ugonjwa ukabaki, basi ugonjwa haukuwa kwenye filta. Lakini nitakujibu yote mawili, maana hapo filta yako ilipofungwa pananitia wasiwasi kuliko hata huko kuzima.

Nianze na hilo la filta kuonekana nusu, kwa sababu limewasumbua watu wengi na limewatajirisha wauza spea. Filta ya plastiki kwenye gari ya kabureta kuwa nusu, au hata robo, siyo ugonjwa. Pampu ya Beetle inasukuma kidogo sana, kama paundi 3 hivi, linganisha na tairi lako lenye upepo wa paundi 20 na kitu. Msukumo mdogo hivyo hauwezi kufukuza hewa yote iliyobaki ndani ya filta ulipoifunga, hasa ikiwa imelala, basi ile hewa inakaa juu na petroli inapita chini yake kwa raha zake. Na kabureta ikishajaa, sindano ya floti, kile kiboya cha ndani ya kabureta, inaziba mlango, petroli inasimama kungoja, haina haja ya kukimbia. Sa we unaangalia filta unaona nusu unasema mafuta hayafiki, kumbe yamefika yametulia. Filta inayokaa nusu na gari inavuta vizuri iache hivohivo.

Sasa hesabu kidogo, usiogope. Beetle yako ikila lita 10 kwa kilomita 100, na ukawa unatembea 80 kwa saa, inakunywa lita 8 kwa saa, yaani sisi (cc, mililita) 130 na kidogo kwa dakika. Hiyo ni chini ya nusu ya soda moja kwa dakika nzima. Filta yoyote ya gari, hata ya bei rahisi, ikiwa safi inapitisha zaidi ya hapo. Pampu yenyewe nzima ikiwa kwenye resi inatoa karibu sisi 400 kwa dakika. Kwa hiyo filta mpya haiwezi kuwa ndo inakunyima mafuta, labda uwe umefungiwa zile ndogo za bodaboda, na hizo nimeziona kwenye Beetle zaidi ya moja. Ile imetengenezwa kwa injini ya sisi 125 yenye tenki juu ya kichwa chake, unaipa injini ya 1300 halafu unashangaa gari inakohoa ukikanyaga mafuta.

Tuje kwenye kuzima kwenyewe. Gari inayotembea mjini vizuri, ikienda mwendo mrefu inakata, ikipumzika inawaka, hiyo ina wachawi wanne na wote wana tabia zinazofanana, ndo maana unatakiwa kuwakamata palepale barabarani wakati gari imezima, siyo kesho yake gereji ikiwa imepoa na kila kitu kinafanya kazi.

Ikizima tena, weka pembeni, fungua nyuma, toa kile chombo cha hewa juu ya kabureta, mulika ndani ya koo la kabureta kwa tochi ya simu halafu vuta kwa mkono kile kijiti cha mafuta kinachovutwa na waya wa pedali. Hapo hapo unatakiwa uone petroli inaruka mstari mwembamba ndani. Ikiruka, kabureta ina mafuta, achana na habari za filta na pampu, nenda kwenye umeme. Koili iliyochoka au kondensa mbovu ikipata moto inakata, ikipoa inarudi, na hao wawili wamesababisha filta nyingi zisizo na hatia kutupwa. Hiki kipimo hakina gharama na hakichukui hata dakika mbili, na nina hakika hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekifanya, wangekifanya ungeniandikia.

Ikiwa koo ni kavu, nenda mbele ukafungue kofia ya tenki taratibu huku umetega sikio. Ukisikia inavuta pumzi, fyuuu, na ukipiga stata inashika baada ya muda mfupi, basi tenki lako halipumui. Petroli ikitoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na kama kibomba cha hewa kimezibwa, tenki linabana, linakataa kutoa. Gari iliyolala miaka 6 chini ya mwembe, mwanangu, manyigu na nyigu wa matope wanapenda sana vile vibomba vidogo, wanajengea humo nyumba na watoto. Mjini hulioni kwa sababu unatembea kidogo unazima unasimama sokoni, tenki linapata muda wa kuvuta hewa kidogokidogo. Safari ndefu ndo inaonyesha.

Kama kofia haijasaidia, lowesha kitambaa kwa maji uifunike pampu ya mafuta na bomba lake. Ikiwaka upesi baada ya kupoza, basi petroli inageuka mvuke ndani ya pampu au bomba. Ile petroli nyepesi kabisa iliyomo kwenye mchanganyiko inaanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 mpaka 40 tu, na joto la Tanga unalijua, sasa juu ya injini iliyotoka mbio pakoje? Tena ukizima injini feni nayo inasimama, kwa hiyo joto pale nyuma linapanda kwanza kabla ya kushuka. Ndo maana ugonjwa huu unataka nusu saa kupona wenyewe. Angalia pia ule mpira mrefu unaozunguka mabati ya injini, kama haupo au umekatika basi hewa ya moto ya chini inapanda juu inavutwa tena na feni, injini inajipika yenyewe.

Na wa nne, ambaye mimi namshuku kuliko wote kwenye hadithi yako, ni uchafu wa tenki. Kutu la ndani linamomonyoka, linakaa chini kwenye tundu la kutokea. Gari ikitembea petroli inavuta zile takataka taratibu mpaka zinabana kwenye kichujio cha mlangoni mwa tenki, mafuta yanapungua, gari inazima. Ukisimama, mvuto unaisha, takataka zinaelea zinaachia, dakika chache baadae unawasha kama hakuna kilichotokea. Filta yako ya juu ya injini haiwezi kuonyesha kitu, itakuwa safi kabisa, kwa sababu uchafu wenyewe haujawahi kufika huko. Fundi amesafisha kabureta, amebadili pampu, amebadili filta, na tenki hakuligusa. Amefagia sebule akaacha jalala mlangoni.

Kulithibitisha ni rahisi. Gari ikiwa imepoa, mbali na jiko na mbali na mvuta sigara yeyote hata kama ni mjomba, chomoa mpira pale bomba la petroli linapotokeza kwenye fremu karibu na gearboksi, elekeza kwenye chupa ya nusu lita. Kwenye Beetle tenki liko mbele na liko juu ya hapo, kwa hiyo mafuta yatashuka yenyewe bila pampu. Chupa ikijaa ndani ya dakika moja au mbili ni salama. Lakini usiishie hapo, mimina kwenye dumu uache zitoke lita 4 au 5 ukiangalia mkondo. Ukianza unene wa penseli ukaisha kama uzi, umempata mchawi wako. Halafu ile ya mwisho iweke kwenye beseni jeupe utulie dakika kadhaa uangalie. Vumbi la rangi ya udongo mwekundu ni kutu. Matone yanayotembea chini kama lulu ni maji. Ukiona vyote viwili usishangae, tenki lisilojaa kwenye hewa yetu hii ya pwani linatoa jasho kwa ndani kila usiku.

Kama ni kutu, dawa ni kushusha tenki, bolti nne tu hizo, siyo kazi ya kutisha. Mwaga mafuta, ingiza nyororo au konzi ya nati za zamani, tikisa mpaka mikono iume, suuza. Halafu jaza siki uache siku moja au mbili, siki inakula kutu vizuri sana, mwaga, suuza na maji yenye magadi ili ile tindikali ife, kausha juani mpaka iwe kavu kweli kweli, na siku hiyohiyo ipake petroli yenye oili kidogo ndani isianze upya. Tundu likionekana baada ya kutu kutoka, hapo simamisha kazi. Usimpelekee mchomeleaji wa mageti. Tenki tupu la petroli ni baya kuliko lililojaa, mvuke uliobaki ukikutana na cheche ni bomu. Tafuta mtu anayeziba matenki na rejeta kila siku, anayejua kulifukuza mvuke kwanza.

Haya, sasa filta. Mi nakushauri moja tu, ya ukubwa wa kawaida ya gari ya kabureta, ile ya plastiki ngumu inayoonyesha ndani yenye karatasi iliyokunjwakunjwa. Miguu yake, vile vibomba vya kuingizia mpira, iendane na bomba lako. Bomba la chuma la Beetle ni milimita 6 kwa nje, na mpira wake ni wa milimita 5 ndani, unaingia kwa kubana. Filta nyingi madukani zina miguu ya milimita 8, fundi anaulazimisha mpira uingie, unapasuka kidogokidogo kwa ndani, au anaweka mpira mpana upande mmoja na upande wa pili anakaza klipu mpaka inakunja. Vyote viwili vitavuja siku moja. Afadhali uzunguke maduka matatu ya spea Ngamiani ukiwa na kipande cha bomba mfukoni kuliko kununua ya kwanza uliyoiona.

Watu wanaulizia sana filta inayochuja kabisa kabisa, wakidhani kadiri inavyokamata vumbi dogo ndo bora. Jeti kubwa, yaani kitundu cha kupitishia petroli, ya hizi kabureta za Solex iko namba 120 hadi 130 hivi, na ile namba ni sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 125 ni tundu la milimita 1.25. Ya sailensa, ya injini kuunguruma gari ikiwa imesimama, ni ndogo, kama nusu milimita. Filta ya karatasi ya kawaida inakamata punje za mikroni 20 hadi 40, na nusu milimita ni mikroni 500. Yaani unayo akiba ya kutosha. Filta za gari za sindano (injection, zisizo na kabureta) zinachuja zaidi kwa sababu nozeli zake zina matundu membamba mno na nyuma yake kuna pampu yenye nguvu ya kusukuma. Wewe nguvu hiyo huna. Kinachoharibika mapema kwenye kabureta yako wala siyo jeti, ni ile sindano ya floti, punje moja ikikaa pale mlango haufungi, petroli inafurika. Filta ya kawaida inatosha kuizuia punje hiyo.

Zile za kioo zenye kromu pembeni ni nzuri kwa macho na kwa picha. Sizipendi. Zinafungwa kwa nyuzi za skrubu na orini, kile kimpira cha duara, orini ikikauka zinatoa jasho la petroli, na kioo ni kioo. Ukitaka ya chuma nzima sikukatazi, inavumilia joto kuliko plastiki, tatizo lake huoni kilichomo ndani, na gari iliyoamka kutoka usingizi wa miaka 6 unatakiwa uone.

Mahali pa kuiweka. Hapa nisikilize vizuri. Itoe hapo juu ya injini, leo, usingoje mwisho wa mwezi. Ni pale ambapo mafundi wengi wanaiweka kwa sababu mkono unafika kirahisi, na ni pale pabaya kuliko pote kwenye gari hii. Kwanza pana joto, plastiki inakakamaa inapasuka. Pili, na hili wengi hawalijui, ule mguu wa shaba unaoingia kwenye kabureta haukufungwa kwa nyuzi, umepigwa tu ukakaa kwa kubana, na gari za miaka hii ubanaji wenyewe umelegea. Ukininginiza filta yenye petroli kwenye mpira ulioshikwa na mguu huo, kila mtikisiko wa injini unauvuta, unauvuta, siku moja unachomoka. Pampu haijui, inaendelea kumwaga petroli, na chini yake kuna distribyuta yenye cheche na injini ya moto.

Mimi mwenyewe nilishafanya kosa hilo, miaka ile nikiwa bado naona sifa kumaliza kazi haraka. Nilimfungia mteja filta palepale juu, nikaibana na waya nikajiona hodari. Akarudi baada ya wiki tatu, gari inavutwa, hakuungua, alhamdulillah, alisikia harufu akazima akatoka. Nilipofungua nikakuta mguu wa kabureta unacheza kama jino la mtoto. Sijawahi tena kuweka filta juu ya Beetle. Na ujue bloku ya injini hii imechanganywa na magnesiamu. Ikishashika moto wenyewe, maji ndo yanauchochea zaidi. Weka mtungi wa unga wa kuzimia moto ndani, karibu na kiti chako, siyo nyuma karibu na injini ambako ndiko moto utakakokuwa.

Kwa hiyo iende wapi? Una sehemu mbili za heshima. Ya kwanza ni chini, pale karibu na gearboksi ambapo bomba linatokeza na kuna kipande cha mpira tayari. Pamepoa, pana kivuli, na petroli inafika hapo kwa uzito wake yenyewe kwa hiyo pampu haipati tabu ya kuvuta. Uifunge kwa kibanio cha mpira au cha ngozi isining'inie, iwe mbali na waya mnene wa stata na mbali na kebo zinazotembea, na usiiache ishuke chini kuliko gearboksi mawe yasiipate. Mimi naipendelea hapa.

Ya pili ni mbele chini ya tenki, kwenye kile kimpira kifupi kati ya tenki na bomba refu. Faida yake ni kwamba unalinda hata lile bomba linalopita ndani ya mgongo wa gari, ambalo likiziba ni kilio. Hasara yake ni siku ya kubadilisha, tenki la lita 40 likiwa limejaa linataka kukuogesha. Subiri mafuta yawe kidogo, ubane mpira, uwe na bolti au penseli ya kuziba haraka. Ukiwa unashusha tenki kulisafisha, basi ni wakati mzuri wa kuiweka huko. Popote utakapoiweka, ule mshale uangalie mafuta yanakoelekea, na ikiwezekana upande wa kutokea uinuke kidogo hewa ipate njia.

Hilo la kufunga filta mbili nalijibu kwa ufupi. Hazina madhara makubwa zikiwa safi, ila kila filta ni miungio miwili na klipu mbili zaidi za kuvuja, na siku gari ikizima hujui ipi imeziba. Pampu nyingi za zamani zina kichujio kidogo cha waya ndani, fundi akikifungua akakisafisha hiyo ndo filta yako ya pili. Tena bure.

Pampu ya umeme ya Hiace hapana, na huyo fundi naomba usimpe funguo. Mfumo wa sindano unasukuma paundi 40 na ushee, kabureta yako imezoea 3. Sindano ya floti haiwezi kuzuia nguvu hiyo, petroli itafurika, itashuka kwenye silinda, itachanganyika na oili, na Beetle ina lita mbili na nusu tu za oili, hiyo ikishakuwa nyepesi bearingi zinakwenda. Zipo pampu za umeme za nguvu ndogo za gari za kabureta, mtu mwenye tatizo sugu la mvuke anaweza kufunga moja mbele chini karibu na tenki, na lazima iwe na njia ya kujizima injini ikizima. Lakini hiyo ni safari nyingine na wewe hujafika huko.

Umesema pampu ni mpya, basi mwulize fundi wa kwanza kitu kimoja. Pampu za Beetle zinasukumwa na kijiti, na kuna vijiti vya urefu wa aina mbili, milimita 108 kwa pampu ya gari zenye dainamo na milimita 100 kwa ile iliyoinama ya gari zenye altaneta. Wakichanganya, pampu inatoa kidogo au inavunjika mkono. Ukipima kila kitu kikawa sawa na koo la kabureta bado kavu, hapo ndo pa kuangalia. Na ile gasketi nene chini ya pampu isitupwe, inazuia joto na inarekebisha msukumo.

Wenye Peugeot 504 na Datsun wanaosoma hapa wasinakili hili la kuweka filta kabla ya pampu bila kufikiri. Kwenu tenki liko nyuma na chini, pampu iko mbele kwenye injini inavuta kama mtu anayenyonya mrija. Ukiweka filta ya karatasi upande wa kuvuta, ikianza kuziba tu petroli inageuka mvuke mapema zaidi, kwa hiyo huko kwenye kuvuta weka kichujio cha waya kisichobana, na ya karatasi ikae baada ya pampu, ifungwe kwenye bodi, mbali na ekzosi. Land Rover za Series wamewaachia kikombe cha kioo pale kwenye pampu, kifungueni mkisafishe kabla ya kununua chochote.

Mpira ununue wa petroli kweli, ubavuni uwe umeandikwa SAE J30 R7 au R9. Mpira wa maji petroli inauvimbisha, halafu unamomonyoka vipande vyeusi, unakuwa umejitengenezea uchafu baada ya filta. Usipake silikoni kwenye miungio, inayeyuka, na ile tepu nyeupe ya mabomba nyuzi zake nimezitoa kwenye jeti mara nyingi. Filta ya kwanza baada ya kusafisha tenki ibadilishe ukimaliza tenki moja, ya pili baada ya miezi miwili, zikitoka safi basi mara moja kwa mwaka inatosha. Na petroli ya kwenye chupa za maji kandokando ya barabara, ukilazimika ipitishe kwenye kitambaa.

Kuna mambo ambayo usiyafanye mwenyewe wala usiniandikie kwanza, nenda kwa fundi anayezijua Beetle ana kwa ana. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari hata kama huoni linalovuja. Ukichomoa kijiti cha oili kikanuka petroli au oili imepanda juu ya alama, usiwashe kabisa, ivutwe. Na ule mguu wa kabureta, ushike kwa vidole injini ikiwa imepoa, ukicheza hata kidogo unatakiwa kutolewa ukazwe upya na mtu mwenye mkono, wengine wanauchonga nyuzi kabisa na hiyo ndo kazi nzuri zaidi.

Wewe anza na kuhamisha filta na kufungua kofia ya tenki uangalie kibomba cha hewa. Halafu nenda tena mpaka Pongwe ukiwa na mtu na kitambaa kilicholowa, gari ikizima fanya kile kipimo cha koo la kabureta, uniandikie mafuta yaliruka au hayakuruka, na kwenye beseni uliona nini.